Mnara wa saa wa Beit al-Ajaib tunaulilia sote. Maji ya Barghash je?

#1 MtotoWaForodhani

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote.

Kwa muda mrefu nimesita kuanzisha uzi huu, maana humu jukwaani likitajwa Jumba la Maajabu, ukurasa wa pili tu tunaingia siasa. Leo naomba tuzungumze jiwe, chokaa, saa na maji.

Mimi ni mtoto wa Mjini, Unguja. Kusoma saa sikuanza skuli. Nilifundishwa na mama yangu pale Forodhani alipokuwa akiuza pweza jioni, kwa kuutazama mnara wa Beit al-Ajaib, yaani hilo Jumba la Maajabu. Alikuwa akinambia, "Akrabu ndefu ikisimama juu kabisa, inuka ukateke maji." Basi nami hucheza huku jicho langu liko mnarani. Akrabu ikisimama, nachukua ndoo mbili naenda mferejini. Moja ya kuoshea sahani, moja ya watu kunawa. Kwa hiyo tangu utotoni, saa ile na maji kwangu vimefungana, siwezi kufikiri kimoja nikakiacha chengine.

Ijumaa ya tarehe 25 Disemba 2020, mchana, mnara ukaporomoka pamoja na sehemu kubwa ya upande wa mbele wa jumba. Ukarabati ulikuwa unaendelea, mafundi wamo ndani. Wawili walifariki. Mungu awarehemu na awape subira watu wao. Siku ile nililia kama niliyefiwa, na najua humu wamo waliolia kama mimi.

Tangu siku ile picha za mnara zimejaa kila pahali. Za zamani, za sasa, za kuchorwa. Vyema. Lakini nimeanza kujiuliza kwa nini tunamkumbuka Sayyid Barghash kwa jumba na saa tu. Alikuwa Sultani wa Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888. Jumba alilijenga 1883, baraza tatu juu kwa juu, nguzo za chuma zilizoletwa na meli, umeme kabla nyumba yoyote nyengine Zanzibar haijaupata. Watu wakaliita la maajabu, na haki yao. Mtu aliyezoea kandili ya mafuta akiona taa inawaka bila ya kuwashwa kibiriti, aseme nini?

Lakini mtu wa Malindi au Vuga ambaye hajapata kuukanyaga mlango wa jumba lile, yeye ajabu yake ilikuwa maji. Mji huu umejengwa juu ya jiwe la matumbawe lenye matundu kama sifongo. Visima vilikuwepo, lakini maji yake ya chumvichumvi, na mashimo ya vyoo yako hatua chache tu. Mwaka 1869 hadi 1870 kipindupindu kiliupiga mji huu vibaya sana. Barghash alikalia kiti Oktoba 1870, baada ya kufa kaka yake Majid, yaani aliurithi mji uliotoka matangani. Baadaye akayavuta maji matamu kutoka chemchemi za kaskazini ya mji, yakaja kwa mifereji na mabomba mpaka mjini, na wakazi wakayapata bure.

Hapo ndipo ninapotaka tufike. Mnara ukianguka, dunia nzima inajua. Mfereji wa maji ukifukiwa na mchanga au ukivunjwa watu wachukue mawe yake wakajengee, hakuna anayepiga hata picha. Wageni huonyeshwa nguzo za Marahubi, magofu ya jumba jengine la Barghash, wakaambiwa habari za masuria, halafu wanapandishwa gari. Wangapi wanaambiwa kwamba kile kinachopita pale juu ni njia ya maji?

Mwenye kujua zaidi ya mimi aseme. Nataka tukusanye hapa tunachokijua kuhusu maji yale na saa ile.

#2 Mlalahoi_wa_Ilala

Mkuu uzi mzuri sana. Swali la mtu wa bara: hayo maji miaka ya 1880 yalisukumwa na nini? Nyumba ya pampu ilikuwa wapi? Maana huku kwetu pampu ikikosa umeme masaa mawili tu, mtaa mzima unatembea na madumu.

#3 FundiMabomba

Mlalahoi, swali lako ndilo lenyewe. Nimefanya kazi ya maji Unguja zaidi ya miaka ishirini, ngoja nikueleze kama ninavyowaeleza vijana wanaoanza.

Ukitoka mjini kwenda kaskazini, upande wako wa kulia kuna mwinuko. Pale juu ndipo msitu wa Masingini. Mvua ikinyesha Masingini haikai juu, inazama. Inashuka ndani ya jiwe, inachujwa, na inapofika chini ya mwinuko inakuta njia ya kutokea. Inatoka yenyewe. Hizo ndizo chemchemi za Bububu na Mtoni. Jina la Mtoni lenyewe limetokana na mto uliokuwa ukipita pale hadi baharini, na meli za zamani zilikuwa zikitia nanga pale kuchukua maji kabla ya safari.

Sasa chemchemi iko juu kidogo kuliko mji, na mji uko karibu usawa wa bahari. Mwenye akili ya ujenzi hahitaji pampu. Anahitaji mteremko. Uwe mdogo sana, lakini usikatike popote. Ukiufanya mkali, maji yanakula chokaa. Ukiufanya mlalo, yanatuama na kuota ukoga. Penye bonde unainua mfereji juu ya nguzo, penye kilima unachimba upite chini. Hiyo ndiyo kazi waliyoifanya mafundi wa Barghash. Hakuna mota, hakuna mkaa. Maji yanatembea kwa uzito wake, usiku na mchana.

Chemchemi hizo hadi leo ni sehemu ya maji ya mji. Visima virefu vimeongezwa vingi kwa sababu watu wameongezeka mara nyingi, na kila kisima kina nyumba yake ya pampu na mota yake. Hapo ndipo tatizo la kisiwa linapoanzia. Chini ya maji matamu kuna maji ya bahari. Ukivuta kwa pupa, chumvi inapanda. Chemchemi haikupi nafasi ya kuwa na pupa, inakupa inachokupa.

Nikiwa kazini naziona nyumba za pampu kila siku, nazipenda, ndizo zimenilea. Lakini nikisimama pale chemchemini na kusikia maji yanatoka bila mlio wa mashine yoyote, nanyamaza kabisa. Huwa siwezi kusema neno.

#4 Mlalahoi_wa_Ilala

Fundi, umenifungua macho. Nilidhani Masingini ni msitu wa kutembelea tu.

#5 FundiMabomba

Masingini ndiyo tangi letu, ndugu yangu. Ule msitu umehifadhiwa kwa ajili ya maji. Anayekata mti kule anatoboa tangi.

#6 Mzee_wa_Nyaraka

Mwanangu MtotoWaForodhani, ahsante kwa uzi. Naomba nikusahihishe jambo moja kwa mapenzi, maana kosa hili nalisoma kila siku na linaniuma.

Mnara ulioanguka 2020 hakuujenga Barghash. Barghash alifariki Machi 1888. Mnara wake yeye ulikuwa mwengine, umesimama peke yake mbele ya majumba, upande wa bahari. Ulikuwa mnara wa taa ya kuongozea vyombo, na saa juu yake. Usiku taa zake zilionekana mbali na mabaharia walizijua vizuri. Jumba la Beit al-Ajaib la 1883 lenyewe halikuwa na mnara usoni. Tazameni picha za kabla ya 1896 mtaona: jumba kule, mnara huku.

Sasa mnara ule ulikwenda wapi? Sayyid Hamad bin Thuwaini, Sultani wa wakati huo, alifariki tarehe 25 Agosti 1896. Khalid, mtoto wa Barghash, akaingia jumbani akakikalia kiti bila ya idhini ya Waingereza. Manowari zikajipanga bandarini chini ya Admirali Harry Rawson. Akapewa muda: bendera iwe imeshuka tarehe 27 Agosti saa 3 asubuhi. Khalid akajibu kwamba hatoishusha na kwamba haamini kuwa watapiga. Saa 3 na dakika 2 mizinga ikaanza. Saa 3 na dakika 40 bendera ilikuwa chini. Watu kama 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Meli ya Sultani iliyoitwa Glasgow ikazamishwa palepale, na milingoti yake ikabaki imechomoza majini kwa miaka.

Katika muda huo mfupi Beit al-Hukm, iliyokuwa katikati ya majumba, iliharibika isitengenezeke, na mnara wa taa nao ukaharibika. Ikabidi vyote viondoshwe. Beit al-Ajaib ilipata majeraha tu. Ilipotengenezwa, mwaka 1897, ndipo mnara mpya wa saa ukajengwa usoni mwa jumba. Huo ndio sisi sote tuliokua nao. Ulikuwa na umri wa miaka 123 ulipoanguka.

Kwa hiyo saa ya Forodhani imeanguka mara mbili, si mara moja. Mara ya kwanza kwa mizinga ya wageni. Mara ya pili kwa uzee na uzembe wa muda mrefu, kwani mwaka 2012 sehemu ya baraza iliporomoka na kila mmoja wetu aliiona.

#7 MtotoWaForodhani

Mzee wangu, nashika mikono yako. Nimesoma mara tatu. Miaka yote niliamini mama alinifundishia saa kwenye mnara wa Barghash, kumbe ni mnara wa baada ya vita. Sitaibadilisha posti ya kwanza, iachwe hivyo ili wanaosoma waone na masahihisho yako.

Na hili linazidi kuipa nguvu hoja yangu. Mnara wa saa wa Barghash ulidumu miaka michache. Maji yake yanatiririka hadi leo.

#8 Sina_Unafiki

Samahani mnaolia. Mimi nina swali ambalo hamjaligusa. Mfereji huo nani aliuchimba? Mawe nani aliyabeba? Fedha zilitoka wapi? Zilitoka kwenye karafuu, na karafuu zilichumwa na watumwa. Barghash alilifunga soko la watumwa 1873 kwa sababu Waingereza walimkaba, si kwa kupenda. Mashambani utumwa uliendelea. Amri ya kuufuta kisheria ilitoka tarehe 6 Aprili 1897, chini ya Sayyid Hamoud. Yaani mwaka uleule uliojengwa huo mnara wenu. Nyanya wa bibi yangu hakunywa maji bure. Aliyabeba.

#9 MtotoWaForodhani

Sina_Unafiki, sina la kukupinga katika hayo, na nimefurahi umeyaandika. Sikuanzisha uzi ili tumsafishe mfalme.

Ila neno lako la mwisho limenikaa. "Aliyabeba." Ni kweli. Kabla ya mfereji, maji katika mji huu yalikuwa mabegani na vichwani mwa watu, na wengi wao hawakuwa na hiari. Maji yalipofika mtaani kwa mfereji, kichwa cha mtu fulani kilipumzika. Sijui jina la huyo mtu, wala hakuna jiwe lililoandikwa jina lake. Kama tutaweka kibao pale Marahubi au Mtoni, mimi nataka kitaje waliochimba na waliobeba kabla hakijamtaja aliyeamrisha. Hilo nitalisimamia popote nitakapoitwa.

#10 Sina_Unafiki

Kibao cha namna hiyo nitakichangia.

#11 BintiMtendeni

Naomba na mimi nichangie upande wa saa, maana wanaume mmechukua maji yote.

Mzee_wa_Nyaraka ameandika saa 3 na dakika 2. Katika vitabu vya Kizungu utakuta saa 9 na dakika 2. Wajukuu zangu walinambia, "Bibi, umekosea." Sikukosea. Jua letu likichomoza tunaanza kuhesabu. Saa 1 ni saa ya kwanza ya mchana, saa 12 jua linazama. Hapa Unguja hatuna haja ya kujisumbua kwa sababu tuko karibu na mstari wa ikweta, jua halitutupi mkono. Mwaka mzima mchana na usiku karibu sawa. Mtu wa London angejaribu kuhesabu kwa jua, Disemba angelala alasiri.

Na siku yetu inaanza magharibi, si usiku wa manane. Ndiyo maana mtu mzima wa hapa akikwambia "usiku wa Ijumaa" anakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao nyinyi vijana mnauita Alhamisi usiku. Nimeshuhudia mwaliko wa harusi ukiwachanganya watu wa Dar es Salaam, wakaja siku ya pili wakakuta mabuli yanakoshwa.

Halafu kuna hili la saa za mkononi. Akrabu iko kwenye 9, sisi tunasema saa 3. Mtoto wa Kiswahili anajifunza kutazama namba moja na kutamka nyengine, na wala haoni taabu. Nawaombeni basi: wakiujenga upya mnara, waifikirie saa inayosomeka kama tunavyosema. Upande mmoja tu wa mnara, akrabu zisimame kwenye 12 jua linapozama. Wageni watauliza, na tutakuwa na la kuwaeleza.

#12 Kijana_wa_Mwembeladu

Bi BintiMtendeni, shikamoo. Wazo la upande mmoja wa mnara kusoma saa ya Kiswahili ni zuri kupita yote niliyoyasikia tangu mnara uanguke. Kwa nini hakuna mtu amelipeleka mbele?

#13 BintiMtendeni

Marahaba mwanangu. Lipelekeni nyinyi wenye miguu.

#14 Nizwa_Darini

Salaam kutoka Oman. Mimi nimezaliwa Ng'ambo, nimekulia huku Nizwa. Uzi huu nimeusoma usiku kucha na kuna kitu nataka kukileta, kwa sababu mnazungumza saa na maji kama vitu viwili vilivyokutana kwa bahati. Huku ni kitu kimoja.

Oman maji ya kilimo huja kwa falaj. Ni mfereji unaoanza mbali, chini ya ardhi mlimani, unakuja kwa mteremko mdogo mpaka kijijini. Ni kama alivyoeleza FundiMabomba: hakuna pampu, ni mteremko tu. Hapa Nizwa tuna Falaj Daris. Pamoja na mingine minne iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Ikifika kijijini, njia ya kwanza ni ya watu kunywa. Halafu msikiti, halafu mashamba. Na mashambani maji hayagawanywi kwa ndoo wala kwa tangi. Yanagawanywa kwa muda. Kipimo kinaitwa athar, kama nusu saa hivi. Shamba la baba yako lina athar mbili, la jirani lina moja. Mchana hupima kwa kijiti kilichosimamishwa uwanjani, kivuli chake kikifika alama fulani, unafungua mlango wako wa maji na mwenzako anafunga wake. Usiku wazee walikuwa wakipima kwa nyota, nyota fulani ikichomoza juu ya mlima au juu ya ukuta, zamu inabadilika. Siku hizi wengi wanatumia saa ya mkononi, lakini vijiti bado vipo vijijini, nimeviona kwa macho yangu.

Kwa hiyo kwa mtu wa huku, kujua saa ilikuwa ni kujua haki yako ya maji. Ukikosea kusoma kivuli umemuibia jirani.

Barghash alizaliwa Unguja, lakini watu wake walitoka katika nchi hii ya falaj. Akakaa Bombay tangu 1859 hadi 1861, alipohamishwa kwa kumpinga Majid, na kule aliona mji mkubwa wenye mabomba na mnara wa saa. Sisemi alitoa wapi wazo. Nasema mtu mwenye macho hayo mawili, la falaj na la Bombay, akitazama mji wenye kiu, si ajabu akaweka maji na saa.

#15 FundiMabomba

Nizwa_Darini, Mungu akupe umri. Hilo la kupima zamu ya maji kwa nyota sikuwahi kulisikia, na nina miaka ishirini katika maji! Huku tuna ratiba ya mgao. Mtaa huu asubuhi, ule jioni. Kumbe na sisi tunagawana kwa saa, ila hatujui kwamba ni jambo la kale.

#16 Mwana_wa_Kibokoni

Salamu kutoka Mombasa. Nawafuatilia kimyakimya tangu asubuhi. Huku kwetu maji tuliyakimbilia mbali zaidi: Marere kule Shimba Hills, kisha miaka ya 1950 bomba kutoka chemchemi za Mzima, Tsavo, zaidi ya kilomita 200. Kila nikipita barabara ya Nairobi nafikiria maji ninayooga yametoka kwa viboko.

Na niwakumbushe kitu: Khalid bin Barghash, huyo aliyepigwa mizinga kwa dakika 38, alikimbilia kwa balozi wa Kijerumani, akachukuliwa na meli ya Kijerumani hadi Dar es Salaam. Waingereza walimkamata 1916, wakampeleka uhamishoni Saint Helena na Ushelisheli. Aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki na akafia hapa Mombasa mwaka 1927. Basi habari ya mnara wenu wa kwanza imemalizikia kwetu.

#17 Mlalahoi_wa_Ilala

Hapa Dar na sisi tuna Mnara wa Saa, uliwekwa 1961 mji ulipopata hadhi ya jiji. Napita pale kila siku kwa miaka kumi na moja. Baada ya kusoma uzi huu, leo asubuhi nimeshuka kwenye daladala nikausogelea kwa mara ya kwanza, nikasoma maandishi yake.

#18 Kijana_wa_Mwembeladu

Kuna mtu anajua hamamu ya Hamamni, ile nyumba ya kuogea ya zamani, ilikuwa inapata maji wapi? Ni kazi ya Barghash pia, au sivyo?

#19 Mzee_wa_Nyaraka

Ni yake. Ilijengwa na Haji Gulamhussein, fundi wa Kiajemi, na ndiyo maana watu huita hamamu ya Kiajemi. Maji yaliingia kwa njia ya chini ya ardhi. Ilitumika mpaka 1920. Ukiingia leo mabirika ni makavu, lakini inama utazame pale chini ukutani, matundu ya kuingilia maji yapo. Peleka watoto, waambie watie mkono.

#20 Fikra_Huru77

Wakuu, kwa heshima zote, hivi si bora fedha za kujengea mnara zikachimbe visima vya watu wenye kiu leo? Saa kila mtu anayo kwenye simu.

#21 FundiMabomba

Fikra_Huru, mimi ndiye ninayechimba visima hivyo, kwa hiyo nitakujibu mimi. Kisima kipya hakiji kwa kuuacha mnara, na mnara hauji kwa kuacha kisima. Ila nitakupa nusu ya hoja yako. Wakati wa kupiga hesabu ya mnara, ikatwe sehemu ndogo, ndogo sana, ya kusafisha njia ya zamani ya maji: kung'oa miti inayopasua mawe, kuziba nyufa kwa chokaa. Si saruji, tafadhali, saruji inalinyima jiwe la matumbawe pumzi na ndani linaoza. Hilo tumejifunza kwa gharama katika majumba mengi ya Mji Mkongwe.

#22 MtotoWaForodhani

Jamani, nimerudi. Leo Jumamosi nimekwenda.

Nilimpitia mama saa 1 na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Yeye ndiye aliyetaka. Nilimsomea uzi wote jana usiku, na nilipofika pale pa Sina_Unafiki alinyamaza, kisha akasema "kweli hiyo". Tukapanda daladala mpaka Marahubi. Jumba lile Barghash alilijenga mwanzoni mwa miaka ya 1880, likaungua moto 1899, zimebaki nguzo. Mama alipita kati ya nguzo hakuziangalia sana. Alichokitafuta ni mfereji.

Upo. Umepita juu, umechakaa, pahali pamoja mkwaju au mti kama huo umeupasua. Kuna mabirika yamejaa mayungiyungi. Nimejaribu kufuata mstari wake kwa macho kuelekea kaskazini, upande wa Mtoni, alikozaliwa Sayyida Salme, dada yake Barghash, mwaka 1844. Unapotea kwenye nyumba na minazi, halafu kipande kingine kinaonekana, halafu tena haupo. Nimepiga picha 41, nitaziweka moja moja pamoja na maelezo ya pahali, na naomba kila mwenye kupita njia ile aongeze zake. FundiMabomba, nitakuhitaji unisaidie kutambua mfereji wa maji ni upi na ukuta wa kawaida ni upi, maana naona nimechanganya.

Kijana_wa_Mwembeladu, lile la saa ya Kiswahili upande mmoja wa mnara nimeliandika barua. Kurasa mbili. Bi BintiMtendeni akiridhia, nitaanza na maneno yake. Wenye kutaka kutia saini nijulisheni humu, Jumatatu naipeleka kwa mkono.

Tulipokuwa tunaondoka mama aliinama kwenye birika, akasogeza yungiyungi kwa kidole, akachota maji kidogo kwa kiganja akayaonja ncha ya ulimi. Nilitaka kumkataza. Akasema, "Baridi." Kisha akaniuliza ni saa ngapi, nikatoa simu.

#23 BintiMtendeni

Naridhia. Jina langu liandike la kwanza.